Miguu ya Mwita

Juzi mama mmoja aliingia buchani kwangu akaomba mafuta ya kondoo, yale ya mkia. Alitaka kumchua mtoto wake miguu. Niliyakata, nikayafunga kwenye gazeti, na kabla sijajizuia nikachungulia nje kumtafuta huyo mtoto. Alikuwa kando ya barabara akirusha vijiwe mtaroni, mtoto wa miaka sita hivi, miguu myembamba ya kawaida tu, na nikashusha pumzi. Mama yule alinitazama vibaya. Sikumlaumu. Nilikuwa nimemkodolea mtoto wa watu miguu kama dalali anayepima ng'ombe mnadani.

Tabia hiyo sijaweza kuiacha. Nikipita karibu na shule saa ya mapumziko, macho yangu huenda moja kwa moja nyuma ya magoti ya watoto. Wenzangu wa rika langu, ambao sasa mnawakagua wanenu meno na kucha, mnajua kwamba kila mtu ana anachokiogopa. Mimi naogopa miguu minene.

Mafuta ya kondoo hayatoki mikononi kwa sabuni ya kawaida. Nilifunga bucha, nikaenda nyumbani, nikala, na bado harufu ilikuwepo, nzito na chachu kidogo. Ndiyo harufu ya utoto wangu. Kwetu, nje kidogo ya Kehancha, Mama aliyayeyusha kila jioni kwenye kisufuria kisicho na mpini, akamlaza kaka yangu Mwita kwenye mkeka, akamchua kutoka kiunoni hadi nyayoni mpaka ngozi ikang'aa. Mimi nilikuwa wa kushika mguu usiteleze. Mwita sasa amelala nyuma ya nyumba ya Mama, karibu na migomba, na kisufuria sijui kilikwenda wapi.

Mwita alinitangulia kuzaliwa kwa mwaka mmoja na miezi, na kwa muda mrefu nilimwonea wivu. Miguu yangu mimi ilikuwa vijiti. Yeye alikuwa na mashavu ya miguu, ile nyama ya nyuma chini ya goti, manene na magumu, yamejaa kuliko hata ya Baba. Baba ndiye aliyekuwa na bucha hii niliyo nayo leo, na siku za soko alimwita Mwita mbele ya wateja akampandisha kaptura.

"Mnaona hii mguu?" aliwauliza. "Hii ni mguu ya beki. Huyu akipiga mpira, kipa anaingia nayo ndani ya wavu."

Wateja walicheka, wakaibonyeza kwa vidole jinsi wanavyobonyeza nyama, wakamtabiria Mwita timu kubwa kubwa. Hakuna aliyeuliza kwa nini mtoto mwenye miguu kama ile anakuwa wa mwisho katika kila mbio. Mimi nilikuwa nimejiuliza na kujijibu: miguu ikiwa na nyama nyingi inakuwa mizito, na kitu kizito hakikimbii. Niliridhika kabisa na jibu langu.

Alikuwa pia na namna yake ya kuinuka kutoka chini. Kwanza aligeuka akashika ardhi kwa mikono na magoti, akainua makalio juu, kisha akaweka mkono mmoja kwenye goti na mwingine kwenye paja, akajisukuma kidogo kidogo kwenda juu, akijipanda mwenyewe mpaka akasimama. Niliona ni mtindo. Niliuiga, na watoto wengine shuleni wakauiga kwangu, hadi ikafika mahali darasa zima linainuka kwenye nyasi kwa kujipanda. Mwita mwenyewe alicheka kuliko sisi wote. Alikuwa mtu wa mzaha, anaweza kumwigiza mwalimu, paroko, na ng'ombe anayekataa kuvuka daraja, na nadhani alifurahi kuona kitu chake kimekuwa mchezo wa watu.

Lakini sisi tuliacha mchezo na yeye akaendelea. Akaanza kutembea kwa ncha za vidole, tumbo mbele, mgongo umepinda kwa ndani. Akaanguka njiani kwenda shule, akaanguka akitoka. Baba alisema ni uvivu, kwamba mtoto akishasifiwa sana miguu anaanza kuitunza. Mwalimu mmoja ndiye aliyemwita Mama pembeni akamwambia ampeleke hospitali, na baada ya kuzungushwa hapa na pale tukaelekezwa Homa Bay.

Nilikwenda nao kila safari kwa sababu mbili. Mwita alihitaji mtu wa kumwinua chooni, na Mama hakujua Kiswahili zaidi ya kile cha kununulia chumvi. Nyumbani tuliongea Kikuria tupu. Kule Homa Bay, kati ya Wajaluo, ilibidi kila neno lipitie kwangu, na mimi Kiswahili nilikuwa nimekiokota buchani, kwa wateja. Ndivyo nilivyojikuta, mtoto ambaye bado anapenga kamasi kwa mkono wa shati, nikimtafsiria mama yangu mwili wa mtoto wake.

Chumba cha mazoezi kilikuwa na mikeka, ngazi fupi isiyokwenda popote, na ukutani picha kubwa ya mtu asiye na ngozi. Alisimama wima, mikono imefunguka kidogo, mwekundu mwili mzima, na nyama zake zimegawanyika vizuri kwa mistari myeupe. Mimi ni mtoto wa bucha. Niliitazama ile kazi na kuona kwamba imefanywa na mtu mwenye kisu kikali na subira. Nilimuuliza mama aliyekuwa anatuhudumia, jina lake Akoth, mnene, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto.

"Huyu alichinjwa na nani?"

Akoth alicheka mpaka akashika meza. "Hajachinjwa, nyathina, mwanangu. Huyo ni wewe. Ukitoa ngozi, uko hivyo tu."

"Mimi ni nyama?"

"Wewe ni nyama mingi sana. Kwani wewe ulifikiria ni nini inatembea? Viatu?"

Nilimtafsiria Mama. Mama hakucheka. Alikuwa anamtazama Mwita, ambaye alikuwa amelala kwenye mkeka akiigiza yule mtu wa ukutani, mikono imefunguka, macho yametoka.

Nilipenda chumba kile. Ni aibu kusema, lakini ndivyo ilivyokuwa. Akoth alikuwa na vijiti viwili vilivyounganishwa kwa bawaba, na ukanda wa mpira uliokatwa kutoka tyubu ya baiskeli, umefungwa kuanzia kijiti kimoja hadi kingine. Alivuta mpira, kijiti kikajikunja. "Hii ni goti," alisema. "Mpira ni nyama. Nyama haijui kusukuma, inajua kuvuta peke yake. Ndiyo maana ziko mbili mbili. Hii ya mbele inanyoosha, hii ya nyuma inakunja. Moja ikivuta, ingine inaachilia." Nilikunja goti langu mwenyewe huku nimeshika paja, na kweli, nilihisi moja ikikaza na nyingine ikilegea. Nilirudi Kehancha nikiwa nimeshika mapaja njia nzima.

Buchani nilianza kutafuta. Mguu wa nyuma wa ng'ombe ukiwa umening'inizwa nilipitisha kidole kwenye ule utando mweupe, nikatenganisha nyama moja na nyingine, nikafuata kila moja mpaka pale inapogeuka kuwa kano na kushika mfupa. Nilivuta kano na kwato ikainama. Nilivuta ya upande wa pili ikanyooka. Baba alifurahi. Alidhani nimeanza kupenda kazi. Mimi nilikuwa natafuta ile iliyoharibika kwa Mwita, maana niliamini kwamba nikishaijua ni ipi, na imeshika wapi, basi itakuwa ni suala la kuirekebisha tu, kama mnyororo wa baiskeli uliotoka kwenye meno.

Haya yote yalikuwa na haraka yake, na hapa inabidi nieleze jambo la kwetu. Mvulana wa Kikuria hutahiriwa akiwa amesimama. Anasimama alfajiri mbele ya watu, hashikwi, haegemei, hapepesi macho, na kisha anarudi nyumbani kwa miguu yake akisindikizwa kwa nyimbo. Ambaye hajapita hapo ni mtoto, hata akiota ndevu. Hakai na wanaume, hasikilizwi wanaume wakiongea, na aliye mdogo kwake akishapita humwamuru. Tena nyumbani kwetu mdogo hamtangulii mkubwa. Mwita alipaswa kusimama msimu uliokuwa unakuja, mimi nimfuate, pengine siku hiyo hiyo, bega kwa bega. Baba alikuwa ameshachagua dume la kuchinja. Kwa hiyo swali nyumbani halikuwa kama Mwita atapona. Swali lilikuwa kama atasimama.

Mara ya tatu au ya nne tulipokwenda Homa Bay, daktari alikuja chumbani na majibu. Aliongea na Akoth, Akoth akaongea nami, mimi nikaongea na Mama. Nyama ya Mwita ilikuwa inakufa kidogo kidogo na mahali pake panaingia mafuta. Yale mashavu ya miguu yaliyosifiwa sokoni yalikuwa mafuta. Ugonjwa alizaliwa nao, na ni ugonjwa ambao mama humpa mtoto wa kiume bila yeye mwenyewe kuugua. Sentensi hiyo pia niliitafsiri. Mama aliuliza kwa Kikuria kama nina hakika ndivyo alivyosema, nikarudia kumuuliza Akoth, Akoth akarudia, nami nikarudia. Mama akavuta leso yake juu ya mabega. Tangu siku hiyo ndugu za Baba walipokuja nyumbani hawakula chakula cha Mama kwa moyo mmoja, na mimi kila asubuhi, kabla sijavaa kaptura, nilibonyeza miguu yangu nikaomba iendelee kuwa vijiti.

Baba alipoambiwa kuhusu mafuta alifikiri, kisha uso wake ukafunguka. Nakumbuka vizuri jinsi ulivyofunguka.

"Sasa ng'ombe gani anakuwa na mafuta?" alituuliza. "Ni yule wa kukaa. Yule wa kufungwa zizini na kuletewa nyasi. Ng'ombe wa jembe mmewahi kuona ana mafuta? Nimechinja wangapi! Nyama yake ni nyekundu mpaka ndani."

Hakuna aliyeweza kumpinga. Alikuwa anaongea jambo ambalo sote tumeliona kwa macho kwenye ndoano. Mtoto amekuwa akikaa sana, mafuta yameingia. Atembezwe, mafuta yatoke. Hata mimi niliyejua vijiti na mpira niliona ni sawa kabisa, na nilishangaa kwa nini daktari na masomo yake yote hakuwa amelisema.

Kwetu dume changa likifundishwa jembe halianzi na jembe. Linafungwa gogo, linavuta gogo shambani asubuhi na jioni mpaka shingo na miguu vizoee, na mtoto hutangulia mbele kuliongoza. Baba alimtengenezea Mwita gogo dogo la mkaratusi, kamba ikapita kiunoni juu ya gunia lililokunjwa ili isimchubue. Alilifanya kwa upendo, nataka hilo lieleweke. Alililainisha gogo kwa panga lisikwame kwenye mawe. Mimi nilitangulia, Mwita akafuata, Baba nyuma, tukapanda kilima kuelekea mashamba ya tumbaku. Mwita alikuwa analia "mooo" na kukataa kwenda, kisha anakubali, kisha anasimama kukojoa kama dume, na Baba mwenyewe alicheka mpaka akatoa machozi. Zilikuwa siku nzuri. Sijui nifanye nini na ukweli huo, lakini zilikuwa nzuri.

Kisha Mwita akaacha kulia kama ng'ombe. Alipanda kimya, jasho linadondoka kwenye kidevu, na aliporudi alilala bila kula. Miguu ilimuuma akiguswa, hata mafuta ya kondoo hakutaka. Baba alisema hayo ni maumivu ya mafuta kuyeyuka. Asubuhi moja Mama alimwaga kopo alilokuwa anakojolea Mwita, akaniita nione. Mkojo ulikuwa na rangi ya chai ya strungi, isiyotiwa maziwa.

Safari hiyo Baba naye alikuja Homa Bay. Akoth aliposikia habari za gogo aliweka chini ule mpira wa tyubu, akamgeukia Baba.

"Mulimfunga gogo?" alimuuliza. "Mtoto, gogo?"

"Ilikuwa mazoezi," Baba alisema. "Kutoa mafuta."

"Mzee, sikia. Nyama yako ukiifanyisha kazi inachanika kidogo, halafu inajishona, inarudi na nguvu. Hivyo ndivyo watu wanapata misuli. Ya huyu ikichanika hairudi. Ile mkojo nyeusi ni nyama yake. Ni nyama yake alikojoa."

Baba alikuwa na mikono mikubwa. Aliiweka juu ya magoti na kuitazama, na hakuuliza kitu kingine kuhusu ugonjwa, siku hiyo wala baadaye. Aliuliza jambo moja tu, kwa sauti ya chini, kana kwamba anaomba kitu dukani ambacho anajua hakipo. Aliuliza kama mtoto atasimama mwisho wa mwaka. Ilibidi nimweleze Akoth kwa nini.

Akoth alitikisa kichwa, lakini si kwa dharau. "Sisi zamani ilikuwa meno," alisema, akafungua mdomo akaonyesha meno yake ya chini, yote yapo. "Babu yangu alitolewa sita. Lakini mtu alikuwa anakaa chini. Mwita angezaliwa Mjaluo wa zamani, angepita bila shida."

Mwita, aliyekuwa kwenye mkeka, akasema, "Basi nipelekeni kwa Wajaluo. Meno ninayo." Tulicheka sote, Baba akiwa wa mwisho.

Nadhani ni kwa sababu ya kicheko kile Akoth alitufundisha kusimama. Alisema yeye hatuahidi lolote. Alituonyesha kwenye yule mtu wa ukutani kwamba mwili wa kusimama unashikwa na nyama ya makalio, nyama ya mbele ya paja, na zile ndefu zinazopanda uti wa mgongo, na kwamba zote hizo kwa Mwita zimechoka. Lakini mifupa haijachoka. Goti likinyooka mpaka mwisho linajifunga lenyewe kidogo. Nyonga ikisukumwa mbele, kuna mkanda mgumu mbele ya kiungo unaoizuia isiende zaidi, na mkanda huo si nyama, kwa hiyo ugonjwa haujaugusa. Ukimpanga mtu vizuri, mfupa juu ya mfupa, tumbo mbele na mabega nyuma, anaweza kusimama karibu bila nyama. Akasema ndiyo sababu Mwita hutembea amebenua tumbo. Mwili wake ulikuwa umegundua hayo kabla ya sisi.

Tulifanya mazoezi zizini, ng'ombe wakiwa malishoni. Mimi nilimpanga. Nilishika goti, nikalirudisha nyuma, nikasukuma nyonga, nikaweka mabega, halafu nikaachilia na kurudi hatua moja. Mwanzoni alianguka mikononi mwangu. Baadaye alisimama muda wa kuimba nusu ya wimbo, halafu wimbo mzima. Alisimama pale kwenye samadi, kidevu juu, macho hayapepesi, akiigiza mwanaume. Nilijua jina la kila kitu kilichomshika na kila kitu kisichomshika. Sijawahi kujua jambo lolote vizuri namna ile, na niliamini kabisa kwamba kujua kwangu ndiko kulikomsimamisha.

Mwaka huo wazee wa ukoo walisoma dalili zao wakasema msimu haufai. Tohara ikaahirishwa hadi mwaka unaofuata. Wavulana wengine walinung'unika kidogo wakarudi kucheza mpira, maana kwao ulikuwa ni mwaka tu.

Zizini wimbo ukawa nusu tena. Kisha ukawa robo. Miguu ilijikunja kwenye vifundo, kisigino hakikugusa chini hata nikikisukuma, na nyonga zikaanza kujikunja mbele kwa sababu ya kukaa. Mifupa haikupangika tena. Siku moja kabla ya mvua za Aprili nilimpanga kwa muda mrefu, nikaachilia, akaja chini kama nguo iliyotolewa kwenye kamba. Nilimwinua nikitaka kuanza upya. Akasema, "Acha. Goti linatetemeka kwako, si kwangu." Hatukurudi zizini.

Wakati huo ndipo nilipouliza kuhusu moyo. Baba alikuwa anapasua moyo wa ng'ombe kuutolea damu, nami nikaona nyuzi zake, nyekundu, zimepangika vilevile kama za paja. Nikamuuliza kama moyo nao ni nyama. "Sasa ulifikiria ni nini?" Baba alisema. "Ni nyama tamu sana." Tulipokwenda Homa Bay nilingoja Mwita aitwe na daktari kupimwa, nikamuuliza Akoth kama moyo wa Mwita ni nyama kama nyingine. Alikuwa anakunja ule mpira wa tyubu. Aliukunja, akaukunjua, akaukunja tena, kisha akanipa vile vijiti niende navyo nyumbani, nikavichezee. Sikumuuliza tena. Nilivichukua, na njiani nilivitupa.

Ninyi mliokuwa watoto wazuri mnaweza kusema mtoto haelewi kifo. Mimi nilielewa chote. Nilielewa kwa mpangilio: miguu imekwenda, makalio yamekwenda, sasa ni mabega, halafu ni ile nyama nyembamba chini ya mbavu inayovuta pumzi, halafu ni moyo. Nilimtazama Mwita akipeleka kijiko mdomoni kwa kuegemeza kiwiko mezani na kuleta kichwa chini, nikajua ni nini kimetoka juma lile. Ndiyo faida pekee niliyoipata kwa elimu yangu. Wengine nyumbani walikuwa wanashtushwa, mimi nilikuwa nangoja.

Msimu ulitangazwa. Baba alikwenda kwa wazee, akakaa huko siku nzima, akarudi akasimama mlangoni bila kuvua kofia. Wazee walikuwa wamesema mkubwa asiyeweza kwenda anaweza kurukwa. Hospitali ingeweza kumtahiri amelala, Baba alisema, lakini hiyo ni dawa tu, si kupita. Kwa hiyo ningekwenda mimi, mdogo.

Nililia. Nilisema sitaki kumtangulia. Mwita alikuwa dirishani, kwenye kiti cha magurudumu alichopewa na watu wa kanisa, kiti ambacho hakikupita popote nyumbani kwetu isipokuwa sebuleni. "Nenda," alisema. "Mmoja wetu lazima asimame, na wewe una hiyo miguu yako ya kuku."

Alfajiri ya tohara kulikuwa na baridi na umande. Nilisimama kwenye mstari wa wavulana, watu wametuzunguka, na ilipofika zamu yangu nililifunga goti, nikasukuma nyonga, nikaweka mabega nyuma. Nilihesabu nyama zangu moja moja kama nilivyozoea kuhesabu zake, na zote ziliitika. Hazikutetemeka. Watu walipiga vigelegele, wakasema mtoto wa mwenye bucha amesimama kama mti. Nilichukia kila nyama iliyonishika.

Tulirudi nyumbani polepole, nyimbo mbele na nyuma, Baba akirusha fimbo juu na kuidaka. Nyumbani kwetu aliyepita huwekewa kigoda na mvulana wa nyumba ambaye hajapita. Ni kazi ya mtoto, na sikuwa nimeifikiria. Mwita alikuwa ametolewa nje, chini ya paa la jikoni, amevalishwa shati jeupe, na kigoda kilikuwa mapajani mwake. Hakuna aliyemwambia. Alikuwa amemwomba Mama akiweke hapo.

"Karibu, mkubwa," alisema.

Nilitafuta mzaha usoni mwake, kwa sababu hakuwahi kusema jambo bila mzaha. Haukuwepo. Alishika kigoda kwa vidole, ambavyo bado vilikuwa na nguvu, akajaribu kukiinua. Bega halikupanda. Alirudisha kichwa nyuma ili mgongo usaidie, mgongo haukusaidia. Kigoda kilisogea kidogo kidogo mpaka magotini, kikaanguka, kikabingirika kwenye vumbi. Wimbo ulikuwa bado unaendelea. Aliyepita hainami mbele ya mvulana kumwokotea kitu, na watu wote walikuwa wananitazama. Baba aligeukia wageni. Mama ndiye aliyekiokota, akakifuta kwa leso, akakirudisha mikononi mwa Mwita, kisha akaifunika mikono hiyo kwa yake, wakakishusha pamoja mpaka chini mbele yangu.

"Kaa," Mwita alisema.

Na mimi, mdogo wake, nikakaa.